Asilimia Moja

Saa nane usiku, Verna, kusini mwa Goa,
mashine namba tatu imeanza kulia:
mlio mwembamba wa chuma kwa chuma.
Mchi unaingia kinuni, unatoka na ngozi ya kidonge.
Prabhudesai anagonga kioo.
"Quiteria, vimeganda tena?"
Vimeganda.

Basi napima upya, ingawa majibu nayajua.
Talki, ile ya poda ya watoto:
mlio umepungua, haujakoma.
Asidi ya steariki, ndugu wa mshumaa,
mwema alfajiri; chuma kikishapata joto
inalainika yenyewe, inanata
kama mgeni aliyeambiwa karibu mara moja tu.

Halafu stearati ya magnesi.
Nyeupe, nyepesi, haitoki kwenye glovu hata uisugue.
Gramu moja kwa mia, na mashine inanyamaza.

Hapo ndipo nilipokosea mwaka jana.
Niliupenda ule ukimya.
Nikaacha pipa lizunguke dakika ishirini badala ya tatu,
nikaenda kunywa chai.
Vidonge vilitoka vinang'aa, meno ya maziwa matupu.
Nikavitia majini, kwenye joto la tumbo la mtu.
Robo saa.
Nusu saa.
Vimekaa tu, maji yanateleza juu
kama mvua ya Julai kwenye jani la gimbi.

Kuteleza si kuanguka, husemwa.
Kuna kuteleza kusikofika.

Mama yangu, pale Margao, humeza kidonge chake cha presha
kabla ya misa ya kwanza, anafuta mdomo, anasema: tayari.
Nani angemwambia kimempita
kama abiria aliyesinzia akapitishwa kituo?

Ipo fumarati, ile yenye jina refu kama treni ya mizigo.
Isahau pipani, haikasiriki;
kidonge kinatoka kinuni, na majini kinavunjika bila kubembelezwa.
Nimeionyesha kwa Prabhudesai, namba zote, kwa kalamu nyekundu.
Akapiga hesabu nyuma ya boksi la glovu.
Akapiga tena.
Akalikunja boksi, akalitia mfukoni.

Kwa hiyo ni ile ile ya magnesi, usiku huu na kesho.
Ninachoweza kubadilisha ni mimi.
Pipa linazunguka. Nimesimama kando yake, saa mkononi.
Dakika ya kwanza.
Ya pili.
Chai na ipoe.