Mwenye Nyekundu

Mezani tuko saba, karatasi hupita mkono kwa mkono.
Honora hutia buluu ya mbingu,
Lavinia kijani cha misonobari,
mimi nyekundu tu:
ghala, shali ya binti, upanga wa jogoo.
Mara mia mbili kwa siku shamba lile lile,
ng'ombe hawanyi,
baridi haimgandishi mtu vidole.

Kwetu Pomerania ng'ombe alikuwa mmoja.
Aliondoka na mdai, kengele shingoni.
Mama alisimama mlangoni mpaka mlio ukakatika,
kisha akasimama tena.

Jana brashi iliniponyoka, au niliiachia.
Tone likaangukia dirishani, pasipo na tone,
kana kwamba ndani kuna mtu kawasha taa.
Bwana Haskett akaliona.
"Hii imeharibika." Akanikata senti sita.
Basi ni yangu, nimeilipia.

Nimeitundika juu ya beseni la kufulia.
Mvuke umeanza kuilegeza:
wekundu unatoka dirishani, unashuka ukutani,
unaingia kwenye theluji,
ambayo pale mezani
haikuwa kazi ya mtu.