Dakika Ishirini na Tano

Kitabu cha safari cha gari la wagonjwa
kimeliwa pembe na mende, wino umegoma kufutika:
Pangani, kutoka, saa tatu na dakika kumi usiku.
Bombo, kuwasili, saa tano kasoro dakika kumi.
Kilomita hamsini.
Jina la mama yangu, Mwanakombo, limekosewa herufi moja.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, karani wa mafuta kauliza:
"Wastani thelathini kwa saa. Ulikuwa unasukuma mkokoteni?"

Hakukosea hesabu, yule karani.
Umbali wote, gawanya kwa muda wote:
hamsini kwa saa moja na dakika arobaini.
Jibu halipokei rushwa.

Ila mshale wa spidi usiku ule haukujua wastani.
Ulipanda sitini penye changarawe,
ukashuka kumi na tano penye tope,
na Kigombe, katikati ya mashamba ya mkonge,
ukalala kwenye sifuri.

Mhina, dereva, alishika tochi, uso kaugeuzia gizani.
Nesi Semeni akaomba maji, akaomba kanga,
akaomba Mhina aache kusoma dua kwa sauti.
Hakuna aliyekumbuka waipa:
ziliendelea kufuta kioo
cha gari lisilokwenda popote.

Jibu la Mhina kwa karani lipo chini, mwandiko umelala:
"Tulisimama Kigombe dk. 25.
Tulitoka watatu, tumefika wanne."

Leo nafundisha fizikia kidato cha kwanza, Chumbageni.
Kila mwaka naliandika swali lile ubaoni, bila majina,
na kila mwaka hakosi mjanja.
Safari hii ni Shekuwe, wa dawati la dirishani:
"Mwalimu, tuzitoe dakika za kusimama.
Gari halikuwa likienda.
Tukizitoa, wastani unapanda, arobaini kamili."

Kweli, arobaini. Hamsini kwa saa moja na robo.
Namba safi, ingemnyamazisha karani.

Lakini nimeuliza wastani wa safari, Shekuwe,
sikuuliza wa magurudumu.
Usizitoe.
Hata moja usiitoe,
nasema, na chaki inanikatikia mkononi.

Darasa limetulia. Anauliza, kwa nini?

Natazama saa. Kipindi kimebakiza dakika tano.
Naanzia kwenye mvua.