Maelezo ya Jumla

Msajili kaniambia: andika ukurasa mmoja,
chuo kwa ufupi, wazazi hawasomi marefu.
Basi nikaandika: Chuo Kikuu cha Kwemvule,
cha kanisa, cha binafsi, wilaya ya Muheza,
wanafunzi mia nne na kumi na wawili,
wahadhiri thelathini, na nafasi moja wazi
tangu Mwalimu Semkiwa alipofariki
mitihani ikiwa mapajani, kalamu haijafungwa.

Hilo la kalamu nimelikata mstari.

Nikaandika: maktaba ilikuwa ghala la mkonge.
Sikuandika kwamba mvua ikipiga bati
kuta zinatoa harufu ya watu
waliohesabiwa kwa matita, si kwa majina,
wala kwamba mjukuu wa mmoja wao
anasoma Kiyunani pale pale
babu yake aliposhindilia marobota.

Nikaandika: kila mwanafunzi, wa uhasibu au wa ualimu,
atasoma falsafa, muziki, mimea, Maandiko.
Hapo nikamkumbuka Mzee Shekalaghe,
aliyeleta ada kwenye mfuko wa mbolea,
noti zinanukia maganda ya machungwa,
akauliza dirishani: "Nehemia anasomea hesabu.
Hiyo falsafa nailipia ya nini?"
Nilimpa risiti. Jibu sikuwa nalo.

Jumatano ibada, saa nne. Kengele ni kipande cha reli.
Mwanakheri hukaa benchi la nyuma na mtandio wake;
halazimishwi, kanuni inasema (hiyo nimeiandika),
huja kusikiliza kinanda.
Mtihani wa Kitabu cha Ayubu aliongoza yeye.
Mchungaji alisahihisha mara mbili,
akacheka peke yake, akaweka tisini na moja.

Likizo ya Juni, Nehemia alimuuliza dalali:
"Tenga lililojaa ni lipi, na nani aliamua?"
Dalali akanuna, akaondoka na lori tupu.
Machungwa robo yakaoza.
Mzee akarudi dirishani na nusu ya ada.
"Muhula huu ndiyo hivyo," akasema.
"Ila huyo wa falsafa mwambieni aendelee."

Sikujua niliweke wapi hilo.

Leo msajili kanirudishia ukurasa.
Kabakiza idadi, ada, kilomita tisa toka barabara kuu.
Na pembeni, kwa penseli,
mkabala na mstari nilioukata:
*ilikuwa ya wino mwekundu.*