Barua kwa Jina la Toivo

Barua ya kwanza ilifika Machi, theluji ingali magotini,
kwa jina la Toivo Haukkala, si langu.
"Mmiliki mpendwa," ilianza.
Mmiliki mpendwa alikuwa na miezi minane makaburini Hibbing.
Mjane wake, Lempi, aliileta kwa miguu
ndani ya mfuko wa mkate, isilowe.
"Gari lako linaitwa," akaniambia,
kama mwalimu aliyekuja kushtaki mtoto.

Nililinunua kwake: Korvana ya kijivu,
dola elfu mbili na mia nne, na chupa ya achari ya matango juu yake.
Rahisi ni ghali, najua. Lakini aliyechagua ni mfuko wangu,
na kiti cha dereva kilikwisha bonyea umbo la mtu.
Nikaingia ndani ya umbo hilo, nikakaa.

Barua ilisema: mfuko wa hewa ulio usukanini,
badala ya kukupokea kifua,
waweza kukutemea vipande vya chuma.
Vipuri havijapatikana. Tafadhali subiri.
Kwa sasa, punguza safari.
Zamu yangu mgodini huanza saa tano usiku,
maili thelathini na moja. Niipunguze wapi?

Juni, ya pili: swichi ya kuwashia.
Usining'inize funguo nyingi,
uzito wake waweza kuzima injini katikati ya mwendo.
Nikavua ufunguo wa nyumba, wa kufuli la ghala,
na samaki wa bati aliyenipa binti yangu akiwa na miaka sita.
Ukabaki ufunguo mmoja, kama jino la mwisho la kizee.

Ya tatu sikuimaliza. Kutu, chumvi ya barabarani, mikanda ya tangi.

Zupancich fundi akalipandisha juu,
akanisomea manung'uniko ya wenye Korvana wenzangu
huku akitafuna mkate wake wa mchana:
mama wa Bemidji, usukani ulikaza darajani, watoto watatu nyuma;
kijana wa Fargo, breki zilizama hadi sakafuni,
akasimamishwa na ua la jirani;
mchungaji wa Wisconsin aliyeandika kurasa nne
bila kutukana hata mara moja, isipokuwa mwisho.
Chini ya kila moja, kampuni: Hali hii haijathibitishwa.
Zupancich alicheka. Mimi nilikuwa nalitazama gari tumboni,
wekundu wake ukibanduka magamba kwa magamba.

"Lete kitabu chake," akasema.
Nikafungua kasha la dashibodi. Nyuma ya kitabu,
karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala,
penseli, herufi kubwa za mtu asiyeziamini ndogo:

NIKIKATA KUSHOTO KUNA MLIO. SI MKUBWA.
SIKIO LANGU MOJA LILIKUFA MGODINI LAKINI NAUSIKIA.
NIMEANDIKA MARA MBILI HAMJAJIBU.
MKE WANGU HULIENDESHA JUMAPILI.
NAOMBA MLITAZAME KWA SABABU HIYO.

Siku ya kuuziana, Lempi aliniambia:
"Toivo hakujali chochote cha gari hili.
Kitu kikilia, yeye huongeza redio."

Nikampelekea. Alisoma amesimama mlangoni,
miwani juu ya paji, karatasi karibu na pua.
Nilidhani atalia.
"Mlio huo," akauliza, "bado upo?"
Upo, nikasema. Ukikata kushoto.
Akatungua koti lake msumarini.

Tulizunguka mtaa mara tatu, redio imezimwa,
kila kona kushoto,
kiganja chake kimelala juu ya dashibodi
kama unavyompima mtoto homa.
"Hapo," alisema.
"Hapo. Na hapo tena."