Dakika Tatu

Tumetega wavu kabla ya jua
juu ya shimo la muhanga, uwandani Kitulo,
mbayuwayu wa samawati wanakoingia ardhini kulea
kama waliosahau kuwa wana mbawa.
Sakitu imeshika nyasi. Vidole havinisikii.

Daktari Lugano amenivika shingoni saa ya kuhesabia.
"Dakika tatu," anasema, kama kila asubuhi.
"Zikipita, hiyo si damu ya ndege tena,
ni damu ya kukamatwa."

Akinasa, nabonyeza.
Namtoa miguu kwanza, kisha bawa, kisha bawa,
kiumbe chenye uzito wa barua isiyo na habari nyingi.
Moyo haudundi, unanguruma kimyakimya
kama simu iliyozimwa sauti ndani ya koti.
Sindano. Tone moja. Pamba.

Hofu si adui, Daktari alinieleza siku ya kwanza,
hofu ni mkopo:
mwewe akitokea, mwili hufungua kikoba
ukachota fungu la chakula, fungu la mayai, fungu la kinga,
ukazilipa mbawa.
Mwewe akipita, deni hurudishwa.
Ila kuna mwewe asiyepita.

Mimi Mkinga wa Matamba. Niliposikia "tunapima kinga"
nilicheka peke yangu.
Kisha sikucheka.
Sisi tulikufa kwa upungufu wa kinga
mpaka ukawa upungufu wa Wakinga:
nyumba zenye kufuli, pareto isiyo na mchumaji,
mbao za majeneza zikigongwa hata Jumapili.
Bibi yangu Tabita alizika watano kati ya saba
akabaki na wajukuu tisa na ng'ombe mmoja.
Hakuna aliyembonyezea saa.
Dakika yake ya tatu ilipita mwaka tisini na sita,
na damu yake tangu hapo
sijui ni ya nani.

Leo amerudi 7042.
Pete imechakaa, namba naisoma kwa kucha.
Mwaka wa saba huu, kwenda Ziwa Viktoria na kurudi,
na manyoya yanameremeta kama ya kinda wa juzi.
Ndege hawana mvi. Uzee wao wameuficha ndani,
kwenye nyuzi za chembe ambazo ncha zake hupukutika
kama kamba ya kiatu iliyopoteza kibati,
wakaonekana wazima
mpaka asubuhi wasipoonekana.

Namshika. Nangoja ule mngurumo.
Unakuja mdogo, unakaa kidogo, unakwenda.
"Wazee huwa hivyo wakiwa na makinda," Daktari ananong'ona.
"Si uchovu. Labda ni hesabu:
kesho zilizobaki ni chache, kuziwekea akiba ya nini?
Bora kubaki kiotani."
Kaandika "labda" mara mbili daftarini, nimemwona.

Mimi namwona Bibi,
kijiji kizima kinamwambia ahamie Mbeya kwa shangazi,
naye anamenya viazi,
anahesabu vichwa vya watoto mkekani, tisa,
anazima kibatari.

Nimesahau kubonyeza.
Saa inaonyesha sufuri, sufuri, sufuri.
Daktari ananitazama, anafunika kalamu.
Tone la 7042 halitahesabiwa mwaka huu.
Nafungua kiganja.
Haendi angani. Anaingia shimoni, kazini kwake.

Jioni, jikoni, moshi,
na sweta la kijani lililofumuka kiwiko.
"Yule wako karudi?"
"Karudi."
"Ana watoto?"
"Watatu."
Bibi anasukuma beseni la viazi upande wangu.
"Maganda membamba," anasema.