Ubao wa Tatu

Farasi kumi waliikokota mashua hadi majini Skarvklit,
na farasi walipougua, wakaikokota wanawake,
kamba begani, theluji magotini.

Daftari la uokoaji lina maneno machache:
1893, jahazi la mbao la Warusi: watu tisa na paka.
1907, Wanorwe wanne. Wa tano alikataa kuuachia mlingoti.
1911, hakuna aliyeandika.

Usiku huo Thyge, mpiga kasia wa ubao wa tatu,
alivua koti lake la kuelea, akamfunga mtoto wa watu.
Koti likarudi, na mtoto ndani.

Sasa mashua iko bandani, inanuka rangi mpya.
Kirstine, kitukuu wake, huifuta kila Jumatatu kwa kitambaa;
akifika ubao wa tatu,
hutumia kiganja.