Kopo la Elfu Mia na Sabini

Mzee Ntinginya, umekaa juu ya kreti la soda
tangu saa mbili, kofia magotini,
unasubiri nikujibu.
Nami nimesugua mlango mmoja mara tatu
ili nisikujibu.

Umeuliza: kopo hili,
dogo kama la mafuta ya kupaka mtoto,
lililosafiri kwa basi kutoka Dar
likiwa na risiti yake,
linafaa hela yake?

Watu husema rahisi ni ghali.
Ghali ni nini, hawakusema.

Hapa Isevya nimeosha magari miaka kumi na moja.
Malori ya tumbaku ya Urambo,
pikapu za Sikonge zinazonata asali mpaka kwenye usukani,
Noa ya harusi iliyorudi na matapishi ya bwana harusi.
Ninachokijua ni hiki:
rangi haiuawi na sabuni ya bei ndogo.
Inauawa na haraka.
Inauawa na fulana ya kampeni iliyofuta injini jana,
chembe moja ya mchanga imejificha
chini ya kidevu cha mgombea.
Ukiizungusha, inachora.
Jua la saa saba likipiga boneti
utayaona maduara yote,
buibui amejenga na hatabomoa.

Kwa hiyo kwanza maji,
siku bwawa la Igombe likitukumbuka.
Ndoo mbili: moja ya povu,
moja ya kitambaa kutubu.
Vyote hivyo havifiki elfu ishirini.

Mwaka juzi nilitaka ujanja.
Mjomba alinitumia nta ya porini, bonge zima.
Nikaiyeyusha kwa mafuta ya taa,
nikaipaka Karina ya mwalimu Kasanda.
Iling'aa! Wallahi iling'aa,
mpaka saa sita,
nta ikalainika, vumbi likajilaza humo
kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda.
Kisha nyuki wakaja.
Hawakuuma mtu.
Walitembea tu juu ya boneti, mmoja mmoja,
kama wakaguzi,
wakitafuta mali yao ilipoingilia.
Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu.

Ndiyo maana simcheki aliyetengeneza kopo lako.
Tazama, nimepaka nusu ya boneti.
Mwagia maji mwenyewe.
Huku yanalala.
Kule yanakimbia, shanga, shanga,
kama wanafunzi waliosikia kengele.
Dawa inafanya kazi, mzee.
Lakini Korona yako ni ya mwaka tisini na mbili,
inakwenda sokoni na kanisani,
mlango wa nyuma umefungwa kwa waya.
Elfu mia na sabini ni mbolea,
ni matairi mawili ya mtumba.

Nilikuwa karibu kusema hivyo.
Ukatoa karatasi mfukoni
ukaniomba nikusomee, miwani umesahau.
(Miwani ilikuwa mfuko wa shati. Nimeiona.)
Mwandiko wa Lusangija, umelalia kushoto kama zamani:
"Baba, mpe Shija apake. Kopo lisikae juani.
Krismasi nikipata ruhusa nitakuja."
Ukasema, rudia.
Nikarudia pa jua.
Ukasema, si hapo.

Sasa lori limepita, limetumwagia barabara yote,
upande wa dawa na upande wa bure.
Umeinuka. Umepuliza vumbi kwa mdomo,
taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto,
na ule wa dawa ndio ulioachia upesi.
Haya, hilo nalo liandike.

Elfu tano, mzee, kama siku zote.
Kopo nimelifunga, liweke chini ya kiti.
Ile nusu nyingine ya boneti
sijaigusa, kama ulivyosema:
aje aipake mwenyewe.